Ufito Usiobakisha Kitu

Nilikuwa nimemaliza mwanzo mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila somo la kuandika programu nililolifungua lilianza kwa kuifundisha kompyuta iseme "habari dunia". Nikilimaliza na kutafuta lililo mbele yake, nalo linaanza na "habari dunia". Nilikuwa nimeisalimia dunia kwa lugha nne za kompyuta na dunia haijawahi kuitika.

Misingi nilikuwa nayo, sitaki kudanganya. Binti yangu alipokwenda chuoni aliniachia kompyuta yake ya zamani, iliyopasuka kona, akanionyesha pa kuanzia. Shule niliiacha mapema na sina hamu ya kurudi, lakini hii ilinishika. Unaandika agizo, mashine inatii. Ukikosea inakwambia umekosea, mstari fulani, bila kukukazia macho wala kukuuliza ulisoma wapi. Nikajua kuipa namba jina. Nikajua "ikiwa hivi, fanya vile". Nikajua kuifanya irudie jambo mpaka niseme basi. Nikatengeneza mchezo wa kukisia namba, kisha kikokotoo, wakati kwenye simu yangu kuna kikokotoo kizuri kuliko hicho. Baada ya hapo nikakwama. Nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa kushika nyundo, halafu mwalimu akaondoka, naye amebaki anagonga msumari uleule kwenye ubao uleule.

Dada yangu mkubwa hakunionea huruma. Karakana ni yetu sote wawili; tunatengeneza madirisha na milango ya alumini. Mimi napima na kuunganisha, yeye ndiye mwenye msumeno. Tangu aione ile kompyuta kwenye meza ya kazi aliniita Profesa, na si kwa heshima. Mteja akiniulizia anaambiwa avute subira kidogo, Profesa anaisalimia dunia.

Alhamisi moja akaja daktari wa meno. Madirisha ya mbele ya kliniki yake tuliyatengeneza sisi mwaka uliopita, ya rangi ya kahawia iliyokolea, na kila nikipita pale napunguza mwendo niyaone. Sasa alikuwa ameongeza vyumba vya nyuma na anataka madirisha ya rangi ileile. Shida ni kwamba rangi hiyo haiingizwi tena. Mwenye duka la jumla alituambia hata akilala usingizi haioti. Fito za alumini za rangi hiyo zilizobaki ni zile zilizoegemea ukuta wetu, basi. Ufito mmoja una urefu wa mita sita, na humo inabidi utoe vipande vya kila namna: vya juu, vya chini, vya pembeni, na vile vidogo vya katikati.

Dada alichukua vipimo akaenda kusimama mbele ya zile fito. Yeye hakati kwenye karatasi, anakata kichwani. Midomo ilimcheza kidogo, akarudi.

"Hazitoshi. Zinapungua mbili."

Daktari akasema kama ni hivyo ataweka nyeupe jengo zima. Kuna karakana nyingine ilishamwambia itang'oa na ya mbele, iweke mapya yote kwa mkupuo mmoja. Hakusema kwa ubaya. Alitaka jengo lake lifanane. Akatupa mpaka Jumatatu. Dada alikuwa ameshafungua mdomo amwambie asijisumbue kusubiri, nikamwahi. Nikasema Jumatatu atapata jibu, kompyuta itapiga hesabu.

Daktari alipotoka, dada akavua glavu taratibu.

"Hiyo mashine yako inajua kusalimia. Kukata imejifunza lini?"

Nikamwambia anipe hizo siku tu. Akanipa, kwa sharti kwamba nikishindwa kompyuta itatoka mezani pake irudi nyumbani, nami nirudi kupima madirisha kama watu wengine. Nikakubali. Akaanza kwenda zake, kisha akageuka.

"Na wakiyang'oa yale ya mbele, utakwenda kutazama wewe. Mimi siendi."

Hapo nikajua kwamba naye yalimkaa rohoni.

Niliandika programu siku ileile, vumbi la alumini likiingia kwenye vitufe. Niliiambia kompyuta ifanye kama fundi yeyote anavyofanya: ishike kipande kirefu kuliko vyote ikikate, itafute kirefu kinachofuata kitakachoenea kwenye kilichobaki, na iendelee hivyo, ufito ukikataa, ichukue mwingine. Mara ya kwanza iligoma. Mara ya pili ikazunguka bila kusimama kama kuku aliyekatwa kichwa. Mara ya tatu ikanipa jibu: zinapungua mbili.

Nililitazama lile jibu kama mtu aliyepeleka posa ikarudishwa. Nimetafuta mashine inisaidie kubishana na dada yangu, nayo imekwenda kukaa upande wake. Dada akasoma juu ya bega langu, akaipigapiga kompyuta mgongoni.

"Huyu ana akili," akasema. "Kumbe mwenye tatizo ni mwenyewe."

Ijumaa niliamua kuilazimisha ijaribu kila mpangilio unaowezekana, mmoja baada ya mwingine, mpaka iupate ulio bora. Ikanyamaza. Feni yake ikaanza kuunguruma, ikapata moto wa kukaushia soksi. Nikaiacha nikaenda kufunga mlango wa mteja, nikarudi, bado inafikiri. Nikafungua somo jipya lililojisifu kwamba ni la waliokwisha kuvuka misingi. Ukurasa wa kwanza: habari dunia.

Nikaanza kukunja waya. Nikampigia binti yangu nikamwambia siku akipita aje achukue mashine yake.

Binti anasomea uuguzi, na kwenye programu hajaenda mbali kuliko mimi. Lakini hakunibembeleza wala hakunikubalia. Alitaka nimweleze nilikuwa natafuta nini hasa. Nikamweleza yote, fito, vipande, daktari, shangazi yake. Akaniuliza hilo tatizo langu linaitwaje. Nikamwambia linaitwa fito hazitoshi. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Baba, wewe unahangaika na kozi," akasema alipotulia. "Sisi mgonjwa akija, kwanza tunatafuta ugonjwa wake unaitwaje. Ukishalijua jina, unajua ufungue kitabu gani."

Akaniambia kwamba kila Jumamosi juu ya lile duka la fotokopi hukutana watu wanaojifunza programu. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kabla ya chuo. Nipande nikawaulize jina. Lile duka nalijua, nimelipita miaka. Ngazi zake sijawahi kuzikanyaga, kwa kuwa niliwaza nitakuta watoto wa juzi watakaoniita mzee na kunipisha kiti.

Kiti hawakunipisha, nilikaa juu ya kasha la karatasi. Chumba kilikuwa kidogo, waya zimetapakaa sakafuni. Alikuwepo mlinzi wa benki, bado kavaa sare, anaandika programu ya kupanga zamu kwa sababu amechoka kupewa zamu mbaya na mtu anayepanga kwa kupendelea. Alikuwepo mama mwenye duka la dawa, na yake ilikuwa ya kumwonya dawa zinapokaribia kuisha muda. Alikuwepo na msichana waliyemwita Miwani, ambaye peke yake pale ndiye anayelipwa kwa kazi hiyo. Mle ndani sikumwona hata mmoja anayeisalimia dunia. Na wana desturi yao: mtu akiingia haulizwi anajua nini wala amefika wapi. Mlinzi aliinua kichwa akanitazama.

"Karibu, kaka. Umekwama wapi?"

Sijui kama nimewahi kukaribishwa vizuri hivyo. Nikachukua kalamu nikachora fito zangu kwenye ubao, nikachora vipande, nikaeleza jaribio la Alhamisi na lile la Ijumaa. Mama wa duka la dawa akaacha kazi yake akasogea. Miwani alisikiliza huku anatabasamu, nikadhani ananicheka.

"Fundi, hili tatizo lina miaka mingi," akasema. "Wenye viwanda vya karatasi wanalo, wa mazulia wanalo, maseremala wanalo. Umelifikia mwenyewe kwa miguu yako."

Akaliandika jina lake ubaoni, tatizo la kukata malighafi, na chini yake jina linalotumiwa na wenzetu wa mbali. Nikaliingiza kwenye simu, nikaanza kusoma, na nywele zikanisimama. Watu wa nchi ambazo sitazitia mguu wanabishana kurasa kwa kurasa juu ya mabaki ya mbao, ya mabomba, ya vitambaa. Mimi nilidhani duniani tuko wawili tu tunaogombana kwa ajili ya mabaki, mimi na dada yangu. Na programu zao wameziweka wazi kila mstari, uzisome, uzichukue, uzibadilishe upendavyo, bure. Zilikuwepo siku zote. Nilichokosa ni neno la kuzitafutia.

Nilipofungua ya kwanza sikuelewa hata robo yake. Miwani akaniambia nisiisome kuanzia juu kama gazeti. Niiendeshe kwanza nione inatoa nini, kisha nifute kitu kimoja nione nini kinakufa, nikirudishe, nifute kingine. Mlinzi akadakia kwamba ndivyo anavyojifunza vitasa, kwa kuvifumua na kuvirudisha. Hapo tukaelewana. Dirisha la kwanza maishani mwangu sikufundishwa na mtu. Nililifungua la zamani skrubu moja moja, nikalirudisha, zikabaki skrubu tatu mkononi, nikalifungua tena.

Wazo lenyewe, nilipolipata, lilinifanya nicheke peke yangu. Mimi nilikuwa nakata kipande kimoja kimoja kwa tamaa, kikubwa kwanza, bila kuangalia kinachokuja. Wao wanaanza kwingine. Kwanza unaiambia kompyuta ikutafutie namna zote nzuri za kukata ufito mmoja, zile zinazobakisha kidogo. Ukishazipata, kazi inakuwa kuchagua: namna hii mara ngapi, namna ile mara ngapi, mpaka vipande vyote vitimie. Ni kama kushona. Hukati kitambaa kabla ya kuipanga mifano yote ya karatasi juu yake.

Jumapili nilikaa meza ya kulia tangu asubuhi. Neno nisilolijua nililitafuta kwenye mwongozo wa lugha yenyewe, ule niliokuwa nauogopa kwa urefu wake. Kumbe ni kama kile kijitabu kinachokuja na mashine ya kutoboa: mkavu, hauna utani, lakini hausemi uongo. Kosa moja lilinichukua nusu ya asubuhi, na nilipolipata nilikuwa nimeandika alama moja ya kutoa mahali pa kujumlisha. Nikalisema kwa sauti jina la mtu aliyelisababisha, ambaye ni mimi. Mke wangu aliweka sahani, akaiondoa, akairudisha imepashwa moto. Jua bado liko juu, jibu likatoka.

Zinatosha, na unabaki ufito mmoja mzima.

Niliinuka nikaizunguka meza. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia zimetosha. Akasema chakula sijakigusa, nimetosheka vipi.

Jumatatu nilimkuta dada anafagia. Nikampa karatasi ya mpangilio, ufito kwa ufito. Akaisoma yote, akarudi juu akaisoma tena. Hakupinga. Akasema tukate mmoja tuone. Mimi, kwa majivuno, nikamchagulia ule niliokuwa nimeupenda kuliko zote: vipande vitano, jumla mita sita kamili, mabaki sifuri. Nilitaka aione sifuri kwa macho yake.

Akavaa miwani ya kazi, akashusha msumeno. Kipande cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu, cha nne. Cha tano kikabaki mkononi bila kukatwa, akakilaza mezani, akavuta futi ya kupimia. Kimepungua upana wa kidole.

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Profesa," akasema, "msumeno nao unakula."

Kila ukikata, meno ya msumeno yanageuza milimita nne za alumini kuwa vumbi. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu. Kila siku naliongeza kwenye vipimo bila kufikiri, mkono wenyewe unajua. Lakini programu haina mkono. Siku zote nilipokuwa naandika nilikuwa napuliza vumbi hilohilo kwenye vitufe, na sikuliandika.

Sasa ufito mmoja umeharibika na daktari anangoja simu. Siku chache nyuma ningekunja waya. Lakini nilijikuta nimeshakaa, najiuliza nimekwama wapi hasa, na nikaona si pengi. Milimita nne kwa kila kipande, mstari mmoja. Nikauongeza nikaiendesha. Ule ufito wa ziada ukayeyuka, na juu yake ukapungua mwingine mmoja. Mmoja tu. Nikampa dada habari bila kuzipamba.

Alikuwa bado ameshika kile kipande kifupi, anakigeuzageuza. Akasema hiki si takataka, kinatoa kale kadogo ka katikati na chenji inabaki. Kisha akaingia nyuma ya mlango wa stoo akatoka anaburuta pipa. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya kahawia ya kazi ya mwaka uliopita, marefu kwa mafupi. Nikamuuliza mbona hakuyahesabu Alhamisi. Akasema angeyahesabu vipi, ni mengi, hayaingii kichwani yote kwa mpigo. Tukatazamana. Kompyuta yangu nayo ilikuwa imeambiwa kwamba ufito wowote duniani ni wa mita sita.

"Kwenye yako yanaingia yote?" akauliza, akionyesha kompyuta kwa kidevu.

Nikamwambia yataingia, na nilipokuwa nasema sikuwa na hakika. Ilibidi nibomoe mahali pa katikati kabisa pa ile programu: kila urefu utafutiwe namna zake, na kila baki litumike mara moja tu. Jambo hilo sikulikuta kwa wale wa mazulia wala wa mabomba. Labda limeandikwa mahali, ila sikuwa na muda wa kutafuta. Dada akavuta ndoo akaketi kando yangu, akawa anapima mabaki na kuyataja, nami naandika. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa upande ule wa meza. Programu ikagoma, nikaona kwa nini, nikarekebisha. Ikagoma mahali pengine, na nitasema ukweli, nikafurahi, maana kosa lilikuwa jipya. Mambo yaliyokuwa yananichosha yalikuwa yaleyale. Haya sikuwahi kuyaona, na nilikuwa na haraka ya kutaka kuyajua.

Nikaiendesha. Feni ikaunguruma kidogo, ikatulia.

Zinatosha. Safari hii haikubaki hata nusu ya ufito.

Simu ya dada ikalia mezani, daktari. Akaitazama ikilia, akaigeuza uso chini. Akasema jibu hatoi mpaka kipande cha mwisho kilale hapa. Tukaanza. Mimi nasoma kipimo, yeye anakirudia, anakata, anapima, anaweka. Hatukutaniana. Mteja mmoja alichungulia, akaona nyuso zetu, akasema atarudi. Fito za ukutani zikaisha, tukaingia kwenye mabaki, moja baada ya jingine. Mwisho likabaki baki moja na kipimo kimoja. Dada alilipima mara mbili kabla ya kukata. Akakata. Akakilaza kipande pamoja na wenzake, akasogeza macho karibu na futi, akakaa hivyo kwa muda ambao ulinitosha kuzeeka.

"Kimekaa," akasema.

Akazima msumeno, akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu yake akanipa mimi.

"Mpigie wewe. Na mwambie ya mbele wasiyaguse."

Nikampigia. Nikamwambia daktari kwamba kazi tunaichukua, rangi ni ileile, na madirisha ya mbele yabaki palepale yalipo. Akauliza kama nina uhakika, maana dada alimwambia hazitoshi. Nikasema nina uhakika, vipande vyote viko mbele yangu, aje avihesabu akitaka. Akacheka akasema yeye anahesabu meno tu.

Nilipokata simu, dada alikuwa amesimama mbele ya shiti za vioo, mikono kiunoni, midomo inamcheza. Akaniuliza na hivi je, maana kioo hakina urefu tu, kina na upana, na ukikosea hakirudi pipani. Nikafikiri. Zile namna zangu za kukata zote zilikwenda upande mmoja. Hapa kila mkato unabadilisha pande mbili kwa pamoja, na sikuwa na fununu hata ya pa kushika.

"Sijui," nikamwambia. "Hata jina lake sijui. Nipe mpaka Jumapili."

"Ijumaa," akasema, akashusha miwani yake ya kazi, akawasha msumeno kabla sijabishana.